Pesa ya simu kwetu Kongo: kwa nini wengi wangali wanafunga franga katika kikwembe

Leo tunaweka pembeni habari za siku na kuzungumza historia, kwa sababu kuna swali ambalo linatuhusu sote na mara nyingi linajibiwa vibaya.

Msaada umebadilika sura. Zamani lori lilikuja na unga, maharagwe na mafuta. Siku hizi mara nyingi unakuja ujumbe kwenye simu: umepokea kiasi fulani, nenda kwa ajenti utoe. Na kila mara wagawaji wanaona jambo lilelile: watu wengi wanatoa pesa yote siku hiyohiyo, hata yule ambaye hana cha kununua siku hiyo. Mama anazikunja franga zake, anazifunga katika fundo la kikwembe, anazificha kiunoni. Kisha katika mikutano linatolewa jibu: watu wetu hawajaelimika, hawajazoea mambo ya teknolojia, wafundishwe.

Mimi naona jibu hilo ni jepesi mno. Mama huyo anajua kubadilisha dola kwa franga za Kongo na franga za Rwanda kichwani, bila kalamu. Katika likirimba au katika AVEC yake anakumbuka nani ameweka na nani bado. Hesabu si shida yake. Shida ni kwamba yeye, mama yake na bibi yake wameona mara nyingi pesa iliyowekwa mikononi mwa wengine ikipotea bila mtu kuulizwa. Aliyeumwa na nyoka, akiona kamba anashtuka. Tuhesabu basi mara ambazo nyoka ametuuma.

Krismasi ya mwaka 1979

Vijana hawataamini, lakini pesa ya nchi hii iliwahi kuwa na nguvu kuliko dola. Mwezi wa sita mwaka 1967 ilitoka pesa iliyoitwa zaire. Zaire 1 ilichukua nafasi ya franga 1,000 za zamani, na ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Zaire 1 ilikuwa na makuta 100, na ndiyo maana mpaka leo mtu akisema hana makuta, tunaelewa kwamba mfuko wake ni mtupu.

Nguvu hiyo haikudumu. Mwaka 1973 biashara za wageni zilinyang'anywa na kupewa watu wa karibu na utawala, na nyingi zilikufa. Muda mfupi baadaye bei ya shaba ikaanguka katika soko la dunia, na shaba ndiyo iliyokuwa ikilisha serikali. Deni likapanda, noti zikachapwa, bei zikakimbia.

Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazifai tena. Hizo ndizo zilikuwa noti kubwa, ndizo ambazo mfanyabiashara, mkulima na mwalimu walikuwa wakiwekea akiba. Watu walipewa siku chache tu za kuzipeleka banki, tena kwa kiwango kilichowekewa mwisho. Mipaka ilifungwa ili zile zilizokuwa nje ya nchi zisirudi.

Fikiria mkulima wa kahawa aliyekuwa na akiba ya miaka kadhaa ndani ya kopo, na banki iko mwendo wa siku mbili au tatu kwa mguu. Alipofika, muda ulikuwa umekwisha, au mstari haukwisha, au aliambiwa kiwango kimejaa. Aliyejuana na wakubwa alipata njia. Asiyejuana na mtu alirudi nyumbani na karatasi, wakapewa watoto wachezee.

Nia ya serikali, kwa maneno yake, ilikuwa kupunguza pesa iliyokuwa ikizunguka nje ya banki. Wananchi walipata funzo la kinyume. Walijifunza kwamba noti inaweza kufa usiku mmoja kwa neno la redioni, na kwamba banki ni mahali ambapo mlango unafunguliwa kwa wenye majina. Tangu hapo aliyeweza aliweka akiba katika ng'ombe, mbuzi, mabati, matofali, au dola.

Miaka ya Bindo na noti ya milioni tano

Nyoka wa pili aliuma mwaka 1991. Huko Kinshasa zilikuwa zimeota nyumba za kukusanya pesa, na iliyojulikana sana iliitwa Bindo Promotion. Ziliahidi kuzidisha pesa ya mtu mara kadhaa kwa muda mfupi. Waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliofuata, wakasimulia kwa furaha, na watu wakauza mpaka friji na viwanja ili nao waingie. Nyumba hizo zilipoanguka, maelfu ya familia zilibaki mikono mitupu. Mwezi wa tisa mwaka huohuo askari ambao mshahara wao ulikuwa umekuwa si kitu walianza uporaji Kinshasa, na uporaji ukaenea miji mingine. Maduka na viwanda viliisha.

Halafu ikaja noti ya zaire milioni tano. Serikali ya Mobutu iliitoa kulipia askari, lakini Etienne Tshisekedi, waziri mkuu aliyekuwa akishindana na Mobutu, aliwaambia wananchi wasiipokee. Wafanyabiashara waliikataa. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo waligundua kwamba hainunui hata mkate, wakaanza uporaji wa pili. Watu wengi waliuawa, na kati yao alikuwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard.

Mwezi wa kumi mwaka 1993 likatangazwa badiliko jingine: zaire mpya 1 ingechukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Hapo Kasai ikafanya jambo ambalo linafaa kusimuliwa mpaka leo. Watu wa Kasai walikataa zaire mpya. Waliendelea kutumia noti za zamani ambazo serikali ilisema zimekufa, na walifanya hivyo kwa miaka. Hakuna aliyekuwa akichapa noti hizo tena. Zilichakaa, zilipasuka, lakini ziliendelea kununua mahindi sokoni, kwa sababu muuzaji na mnunuzi walikuwa wamekubaliana hivyo. Kwingineko nchini, mahali zaire mpya ilipopokelewa, mwaka 1994 bei zilipanda kwa maelfu kwa mia.

Kasai ilionyesha wazi kwamba pesa inasimama juu ya imani. Serikali inaweza kuchapa noti, lakini haiwezi kuchapa imani. Na pesa ya simu haina hata karatasi ya kushika. Ni namba tu kwenye kioo kidogo. Yote imesimama juu ya imani peke yake.

Fonie: watu wetu walituma pesa kabla ya simu

Asije mtu akasema kwamba kutuma pesa mbali bila kuibeba ni jambo geni kwetu. Barabara zilipokufa, na banki zilipobaki katika miji michache, wafanyabiashara wa mashariki waligeukia fonie, ile redio ya mawasiliano yenye waya mrefu uliofungwa juu ya miti. Mtu alilipa pesa Bukavu au Goma. Mwenye fonie alimwita mwenzake wa Shabunda, Walikale au Kindu, akamtajia jina na kiasi. Kule ng'ambo mtu akalipwa, kodi ya mwenye fonie ikakatwa, na hesabu kati ya wenye fonie ikalinganishwa baadaye kwa bidhaa au kwa pesa iliyopanda ndege.

Hakukuwa na sheria ya kulinda jambo hilo, na kila aliyesimama pale alisikia kiasi kinachotajwa hewani. Bado watu walilitumia, kwa sababu mwenye fonie alijulikana. Nyumba yake ilijulikana, kanisa lake lilijulikana, baba mkwe wake alijulikana. Akila pesa ya mtu, palikuwa na mlango wa kugonga.

Baadaye vikaja vyumba vya kutuma pesa katika miji, vyenye dirisha la chuma na kitabu cha kuandikia. Navyo viliaminiwa kwa sababu ileile: unapeleka, ndugu yako anapokea, unapigiwa simu kwamba imefika. Pesa haikai mule. Inapita tu. Tushike neno hili, kwa sababu hata leo watu wetu wengi wanaikubali simu kama barabara ya kupitishia pesa, lakini wanaikataa kama ghala la kuiweka.

Kutoka Telecel mpaka unite

Simu isiyo na waya ilifika Kinshasa mapema kuliko karibu kila mahali Afrika. Katikati ya miaka ya 1980 mfanyabiashara Miko Rwayitare alianzisha Telecel. Lakini simu hizo zilikuwa kubwa, na bei yake ilikuwa ya mawaziri, majenerali na matajiri. Raia aliziona mikononi mwa wengine tu.

Tarehe 30 Juni 1998 ilitoka franga ya Kongo, na franga 1 ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Wakati ule dola 1 haikufika hata franga 2. Mwaka 2024 ilikuwa karibu franga 2,800. Kwa hiyo dola ilibaki ndiyo pesa ya mambo makubwa: kodi ya nyumba, kiwanja, mahari, ada ya chuo. Hata dola yenyewe tunaipokea kwa macho makali, na yenye mpasuko mdogo kama ukucha inarudishwa. Wageni wanacheka, lakini ni tabia ya watu waliokwisha kubaki na karatasi mikononi.

Kuanzia mwaka 2000 Celtel, kisha Vodacom mwaka 2002, zilileta simu kwa watu wa kawaida. Vijana walifungua kabini kando ya barabara, meza moja, mwavuli mmoja, simu mbili. Na hapo wananchi wakabuni tena. Aliyeko mjini alinunua unite, akazituma kwa mwenye kabini kijijini, na mwenye kabini akampa mzazi noti, baada ya kukata sehemu yake. Unite zikawa pesa kabla kampuni hazijaleta pesa ya simu.

Hata serikali ilipitia njia hiyo. Baada ya mapatano ya amani, maelfu ya wapiganaji walioweka silaha chini walipaswa kupokea dola 25 kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Huduma ya Celpay, iliyozaliwa ndani ya Celtel, ilitumiwa kupitisha malipo hayo mahali pasipo na banki. Ilionekana kwamba habari za malipo zinaweza kusafiri kwa antena. Ila noti zenyewe bado zilihitaji gari, barabara na ulinzi. Neno hili nalo tulishike.

Kwa nini Kenya ilifaulu haraka

Mwezi wa tatu mwaka 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, fujo zilifunga barabara na maduka, na Wakenya wengi walitumia huduma hiyo kuwafikishia pesa na unite ndugu waliokwama. Kwa hiyo tusiseme kwamba fujo peke yake ndiyo inayozuia. Kule fujo iliwasogeza watu karibu na simu.

Tofauti iko katika msingi. Mkenya mtu mzima kwa kawaida ana kitambulisho cha taifa. Pesa yake ni moja, shilingi, na haijawahi kufutwa usiku wa Krismasi. Kampuni moja ilikuwa na wateja wengi kuliko nyingine zote, kwa hiyo anayetuma na anayepokea mara nyingi walikuwa kwenye mtandao mmoja. Maduka madogo yalikuwa yameenea, na mwenye duka aliweza kufika banki na kurudi siku hiyohiyo na noti. Sisi tulipokea huduma ileile, hata jina lilelile, bila msingi ule. Ni kama kuchukua paa la jirani na kuliweka juu ya nguzo ambazo bado hazijasimama.

Mwaka 2012 na vizuizi ambavyo bado vipo

Banki Kuu ya Kongo ilitoa kanuni za pesa ya elektroniki mwaka 2011, na mwaka 2012 kampuni za simu zikaanza huduma moja baada ya nyingine, pamoja na M-Pesa ya Vodacom. Kwa bahati, mwaka huohuo, tarehe 20 Novemba, M23 iliingia Goma kwa mara ya kwanza, na wakazi wakaona milango ya banki imefungwa. Wengi walijifunza siku hizo kwamba akiba iliyoko banki haikusaidii wakati unaihitaji zaidi. Lakini huduma ya simu ilikuwa changa, haikuwa na ajenti wa kutosha kuziba pengo.

Tangu wakati huo huduma imekua, hasa mijini. Vizuizi vilivyobaki tunavijua kwa majina.

Cha kwanza ni karatasi ya kujitambulisha. Tangu nyakati za Zaire raia wote hawajapata kitambulisho cha taifa, na kadi ya mchaguzi ndiyo inashika nafasi hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2023, wakati wa kuandikisha wachaguzi, sehemu kubwa ya wilaya za Rutshuru na Masisi hazikufikiwa kwa sababu ya vita. Hata waliopata kadi mpya, wengi waliona maandishi yanafutika baada ya miezi michache. Yule aliyekimbia usiku, nyumba ikabaki nyuma na karatasi zake zote, anaombwa aonyeshe kadi ili namba iandikwe kwa jina lake. Anaazima kadi ya shemeji au ya jirani. Siku jirani anahama, au wanagombana, pesa iko kwa jina la mtu mwingine.

Cha pili ni noti kwa ajenti. Ujumbe unafika kwa sekunde, lakini ajenti naye lazima awe na noti kwenye mfuko. Msaada unapotumwa kwa familia elfu moja siku moja, na karibu na kambi kuna ajenti watano, kila mmoja na mtaji mdogo, hesabu haikubali. Hapo zinaanza foleni, safari za mbali, na makato yasiyoandikwa mahali popote. Ni shida ileile ya nyakati za fonie na za Celpay: habari inaruka hewani, noti inatembea kwa miguu.

Cha tatu ni antena na umeme. Mahali mapigano yanapopita antena zinanyamaza, na mwenye kijiji anabaki na salio ambalo halionekani. Kuchaji simu nako ni pesa.

Cha nne ni siri ndani ya nyumba. Katika familia nyingi simu ni moja, na inashikwa na baba. Mama asiyesoma Kifaransa cha ujumbe anamwomba kijana amsaidie, anamtajia kode, na kuanzia hapo siri haipo. Matapeli wanalijua hilo. Wanapiga simu wakisema wametuma pesa kwa makosa, warudishiwe. Fundo la kikwembe halina kode ya kuibiwa kwa simu.

Cha tano ni imani iliyochokozwa tena na tena. Mwezi wa tisa mwaka 2020 ilianza kodi ya RAM. Unite zilikatwa ndani ya simu bila mwenye simu kukubali, na kwa simu za kisasa ilitajwa dola 7 kwa mwaka. Makelele ya wananchi na ya wabunge yaliendelea mpaka ilipoondolewa mwaka 2022. Kabla ya hapo, mwaka 2016, banki ya BIAC, ambayo watumishi wengi wa serikali walipokelea mishahara, iliishiwa nguvu. Wateja waliwekewa kiwango cha kutoa, na Banki Kuu ikaishika uongozi. Aliyeona mambo hayo mawili aliunganisha mwenyewe: pesa iliyo banki inaweza kukwama, na kilicho ndani ya simu kinaweza kukatwa.

Mwaka 2025: mlango mmoja uliobaki

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025 Goma ilishikwa na AFC/M23, na katikati ya mwezi wa pili ikafuata Bukavu. Banki zilifungwa. Kambi kubwa zilizokuwa kandokando ya Goma zilibomolewa, na familia zikarudi kwenye mashamba yaliyoharibika, au zikatawanyika katika nyumba za watu. Mwezi wa nne AFC/M23 ilifungua CADECO mjini Goma kama mahali pa kuweka pesa, lakini Kinshasa haikulitambua jambo hilo.

Kwa mtu wa kawaida simu ikabaki ndiyo mlango wa kupokea mshahara, msaada, au pesa ya mtoto aliyeko Kinshasa, Kampala au Ulaya. Watu ambao kwa miaka kumi waliambiwa hawajaelimika waliitumia kwa siku chache tu, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Hili latosha kujibu wale wanaosema kizuizi ni ujinga.

Lakini kwa kuwa banki zilifungwa, noti mpya hazikuingia. Zile zilizokuwemo zilichakaa, na zilizochakaa zikakataliwa sokoni. Mwenye noti akawa na nguvu juu ya mwenye salio, na aliyetaka kutoa alilazimika kuacha sehemu. Mtu anakuwa na pesa kwenye simu na njaa nyumbani kwa wakati mmoja. Wengine walivuka mpaka kutafuta noti. Aliyeko Masisi au Kalehe hana mpaka wa kuvuka karibu.

Hata hivyo tusilisifu fundo la kikwembe kupita kiasi. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya Goma, pesa zilizofichwa ndani ya nyumba na maduka ziliungua pamoja na nyumba. Mwezi wa tano mwaka 2021 volkano ililipuka tena, na mji ulipoamriwa kuhama, waliobeba noti walitembea usiku kuelekea Sake wakiogopa kila kivuli. Katika vizuizi vya barabarani na katika nyumba zilizovamiwa, mahali pa kwanza kupapaswa ni kiunoni mwa mama. Wenye silaha nao wanalijua fundo. Kama pesa ya simu ingeaminika kweli, mama mkimbizi angefaidika nayo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu angeweza kukimbia mikono mitupu na bado akafika na kitu.

Historia inadai nini

Kutokana na yote hayo, mzigo wa kwanza usiwekwe juu ya mama wa kambini. Mashirika yanayotuma msaada yahesabu kwanza noti zilizopo kwa ajenti wa eneo, kisha yatume kwa zamu, wiki moja kata hii, wiki nyingine kata ile. Yakubali karatasi nyingine za kutambulisha mtu, kama orodha ya kambi, kadi ya chanjo ya mtoto, au ushahidi wa kiongozi wa kata mbele ya watu. Kampuni za simu ziweke makato kwenye bango kwa Kiswahili, herufi kubwa, na ziwe na mtu wa kugongewa mlango pesa inapopotea, kama mwenye fonie alivyokuwa. Wanaotawala, popote walipo, wakumbuke kwamba kila kodi ya ghafla na kila noti inayofutwa inakaa katika vichwa vya watu kwa miaka 40 na zaidi.

Nasi wenyewe tuna la kufanya. Andikisha namba kwa jina lako mara tu utakapopata karatasi, hata ikiwa ni leo huna cha kuweka. Kode usimtajie yeyote, hata anayesema anatoka kampuni. Mtu akisema amekutumia kwa makosa, tazama kwanza salio lako, usiamini ujumbe peke yake. Uliza makato kabla ya kutoa, si baada. Na kama mko katika AVEC au muso, msiziache. Wengine tayari wanagawa hatari: sehemu kwenye sanduku lenye funguo tatu, sehemu kwenye simu, sehemu katika mbuzi. Huo si woga wala ujinga. Ni akili ya watu ambao wameona pesa ikibadilika jina mara tatu katika maisha ya mtu mmoja, na bado wamelea watoto.

Basi mgeni akiuliza tena kwa nini mama anatoa pesa yote siku hiyohiyo, asimjibu yeye mwenyewe. Amuulize mama, kisha akae chini, kwa maana maelezo yanaanza Krismasi ya mwaka 1979.